Barua ya wazi: Watoto wetu virusi vimefubaa, lakini damu hawana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma. Waganga wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri za Kanda ya Kati

Waheshimiwa na ndugu viongozi,

Mimi ni muuguzi. Kituo changu cha kazi ni kliniki ya tiba na matunzo, hii ambayo sote tunaiita CTC, katika kituo cha afya kimoja hapa mkoani Dodoma. Nawaandikia kuhusu watoto wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambao dawa hawarukishi, virusi vyao vimefubaa vizuri, na bado hawana damu ya kutosha mwilini. Ombi langu nalitanguliza: kila mtoto aliye kwenye dawa apimwe wingi wa damu kwa ratiba inayojulikana, na akikutwa amepungukiwa, chanzo kitafutwe na matibabu apate palepale kliniki, mlezi asitumwe dukani.

Tulikotoka napakumbuka. Wakati ule mtoto mdogo alikuwa anapewa dawa ya maji iliyo chungu kiasi cha kuitapika, tena inayotaka kuhifadhiwa kwenye jokofu, na nyumbani kwao hata umeme haujafika. Leo kuna dolutegraviri ya watoto, kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji kidogo kijikoni. Kiliidhinishwa mwaka 2020, na tangu kilipoanza kutufikia tumeona mabadiliko kwa macho yetu. Walioifanikisha kazi hiyo, ninyi mkiwamo, mnastahili shukrani, na mimi natoa.

Ila mafanikio hayo yametuzoesha kutazama namba moja. Majibu ya wingi wa virusi yakirudi yako chini ya 50, tunampongeza mlezi, tunampa dawa za miezi mitatu, tunamwita anayefuata. Foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Mtoto mwenyewe ameegemea bega la bibi yake, na hakuna aliyefunua kiganja chake.

Yupo mmoja nimweleze, bila jina wala kijiji chake. Ni wa miaka tisa, analelewa na bibi mzaa mama. Majibu yake ya virusi yalikuwa mazuri mara zote. Siku hiyo alipanda ngazi za baraza la kliniki, na ni ngazi chache tu, akasimama katikati kuvuta pumzi. Nikamwomba anioneshe viganja. Vilikuwa vyeupe hadi kwenye mikunjo. Nikamuuliza bibi kama mtoto anakula udongo, akacheka kwa aibu, akasema ukuta wa tembe umechimbika upande ule anaolala mtoto, na kwamba amemchapa mpaka amechoka. Mwalimu naye alikuwa ameshamwita bibi shuleni kulalamika kwamba mjukuu wake ni mvivu, anasinzia darasani kuanzia saa nne. Tulipompima, HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilisoma 7.4. Kwa mtoto wa umri huo Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 11.5, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Alipelekwa hospitali, wakakuta minyoo ya safura na madini ya chuma yamekwisha mwilini. Bibi aliuza kuku kupata nauli, na sharubati ya kuongeza damu akainunua mwenyewe kwenye duka la dawa muhimu.

Ugonjwa wa mtoto huyu ulikuwa unatibika tangu siku ya kwanza. Haukuonekana kwa sababu hapakuwa na ratiba ya kuutafuta.

Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miaka mitano wana upungufu wa damu. Hao ni watoto wote, wenye virusi na wasio navyo. Mtoto mwenye virusi anaanzia hapo, kisha anarundikiwa mengine juu yake. Virusi vyenyewe vinaudhoofisha uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu. Uvimbe wa ndani unaotokana na maambukizi ya muda mrefu unaufanya mwili ufungie madini ya chuma, yasifike yanakotakiwa, hata kama mtoto anakula. Kifua kikuu kinaweza kujificha nyuma ya upungufu wa damu huku mtoto hakohoi sana, kwa hiyo HB ikishuka bila sababu ya wazi, kifua kikuu nacho kitafutwe. Halafu kuna selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambayo wazazi wengi hawajui kuwa wameibeba mpaka mtoto aanze kulia maumivu ya viungo.

Na zipo dawa. Zidovudini, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake AZT, inaweza kuuzuia uboho kutengeneza chembe nyekundu, na mara nyingi hilo hutokea katika wiki na miezi ya mwanzo. Ndiyo maana mtoto anatakiwa apimwe HB kabla ya kuianza, na apimwe tena na tena ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Siku hizi watoto wengi wanaanzia kwenye abakaviri, ambayo haina tabia hiyo, na hilo ni jambo jema. Lakini zidovudini haijaondoka. Inatumika kwa watoto waliohamishiwa mstari wa pili baada ya dawa za kwanza kushindwa, na kwa vichanga waliozaliwa na akina mama wenye hatari kubwa ya kuwaambukiza. Hao ndio hasa wasiotakiwa kuachwa bila kipimo, na ndio tunaowabadilishia dawa kwa kukisia, kwa kuangalia rangi ya ulimi na ya kope, kwa sababu kipimo hakipo siku hiyo.

Nataja na septrini, dawa wanayopewa watoto hawa kuwakinga na magonjwa nyemelezi, maana naisikia sana mitaani kwamba inakausha damu, na kuna walezi wameiacha kimya kimya. Ni kweli dawa hii inaweza kugusa uboho, lakini kwa kipimo cha kinga hilo si la kawaida, na faida yake ni kubwa. Utafiti uliofanyika Uganda na Zimbabwe, uliochapishwa mwaka 2014, ulilinganisha watoto walioendelea na septrini na walioachishwa wakiwa tayari kwenye ARV: walioachishwa walilazwa hospitali zaidi. Mlezi yeyote anayesoma hapa asimwachishe mtoto dawa yoyote kwa sababu ya barua yangu. Aje kliniki aulize.

Waheshimiwa, kuna watakaosema: kama tatizo ni damu, si tuwagawie watoto wote vidonge vya madini ya chuma tumalize? Jibu lake tunalo hapahapa nchini. Kisiwani Pemba, watoto wadogo walipewa madini ya chuma pamoja na foliki asidi bila kuchagua nani anayapungukiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kuwa waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa sababu Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kali. Malawi nako, watoto wenye virusi na upungufu wa damu waliopewa madini ya chuma walipanda HB, lakini waliugua malaria zaidi. Kwa hiyo chuma kinaokoa na chuma kinaweza kudhuru, na kinachotenganisha hayo mawili ni kujua unamtibu nani na anaishi wapi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza watoto wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe madini ya chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo ndani ya mwaka, na penye malaria yaende sambamba na kinga ya malaria.

Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini. Hii ni nafasi tuliyo nayo sisi na wenzetu wa mikoa mingine hawana. Hapa mtoto asiye na damu hatuwezi kumsingizia mbu tukafunga faili. Tukimpima, mara nyingi tutakuta minyoo, chakula, maradhi au dawa, na yote hayo yana tiba.

Kwa nini basi hatumpimi? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jawabu halihitaji fedha nyingi kama mnavyoweza kudhani. Kimashine cha kupima HB kwenye kituo chetu kipo. Kiko mlango wa pili kutoka CTC, kwenye kliniki ya wajawazito. Kinatumia tone la damu ya kidole na jibu linatoka kabla mtoto hajamaliza kulia. Lakini vile vijibati vyake vya kuwekea damu vimehesabiwa kwa ajili ya wajawazito, na mkunga akinigawia viwili vitatu, mwisho wa mwezi mjamzito mmoja atakosa. Siwezi kumlaumu mkunga akikataa. Dawa za ARV na vitendanishi vya wingi wa virusi vinakuja kwa mpango wa UKIMWI, karibu vyote kwa fedha za wafadhili. Kipimo cha damu na sharubati ya madini ya chuma vinategemea makusanyo ya kituo, na mtoto wa CTC haleti makusanyo. Kwenye mpango wa UKIMWI damu yake inahesabiwa kuwa ni suala la lishe. Ukienda kwa afisa lishe, anakwambia mtoto huyo ana wenyewe, ni wa CTC.

Mfano wa wazi ni Mkataba wa Lishe ambao wakuu wa mikoa wamekuwa wakiusaini tangu mwaka 2017. Ni jambo zuri sana, na agizo la halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto limebadilisha mengi. Lakini shilingi hiyo ni ya mtoto aliye chini ya miaka mitano. Watoto wengi kwenye kliniki yangu wamevuka umri huo. Wako darasa la pili, la nne, la saba. Wapo wasichana walioanza kuvunja ungo, ambao kila mwezi wanapoteza damu ambayo hawakuwa nayo. Hao shilingi yao iko wapi?

Kadi ya mgonjwa ina mahali pa kuandika HB. Fungueni kadi za watoto katika kliniki yoyote mtakayoichagua, msitangulize taarifa kwamba mnakuja, mhesabu wenyewe ni ngapi zimejazwa.

Sasa chakula. Mkoa wetu mvua ni moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka ambao imekataa tunaujua sote. Mtoto wa kijijini anakula ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, asubuhi na jioni, na mlenda wenyewe wakati wa kiangazi ni ule uliokaushwa. Ni chakula chetu, kimetulea, sikitukani. Uwele una madini ya chuma ya kutosha tu. Tatizo ni kwamba nafaka hizi zina vitu vinavyoyashika madini yale tumboni yasiingie kwenye damu, na mtama mwekundu ndio zaidi. Juu yake tunamnywesha mtoto chai ya rangi pamoja na chakula, na chai nayo inazuia. Nyama inaonekana sikukuu. Mifugo ipo, lakini ng'ombe ni benki, hachinjwi kwa sababu mtoto kapauka.

Bibi zetu walikuwa na akili ambayo tumeanza kuiacha. Walikuwa wanaotesha nafaka kuwa kimea, wanachachusha togwa, na njia hizo zinapunguza vile vizuizi. Uji uliotiwa unga wa ubuyu una vitamini C, na vitamini C inasaidia chuma cha kwenye nafaka kufyonzwa. Kunde, majani yake, karanga, dagaa wa kusagwa kwenye mboga ya mtoto, ini likipatikana. Haya ninayafundisha kila siku ya kliniki, na walezi wanayafuata wakiweza. Wanachokifuata zaidi ni sharubati ya rozela na maji ya matembele, kwa sababu rangi yake nyekundu inafanana na damu. Simkatazi mtu kunywa rozela. Nasema tu kwamba mtoto mwenye HB ya 7 hawezi kusubiri rozela, na mlezi anaikimbilia kwa sababu sisi hatujampa kitu kingine.

Kanuni za mwaka 2011 za kurutubisha unga zilikuwa hatua kubwa, lakini zilimlenga msagishaji wa kiwandani. Uwele wa Chamwino na mtama wa Bahi unasagwa kwenye mashine ya kijijini, debe kwa debe, na mwenye mashine hana kirutubishi wala hajawahi kuelekezwa. Mkija kupanga chakula cha mashuleni, ambako sasa wazazi wengi wanachangia mahindi na maharage, mkumbuke kwamba mtoto wa CTC anakula mlo huohuo na wenzake, hatambuliki na hatakiwi kutambulika. Uji wa shule ukirutubishwa, anafikiwa bila mtu kumnyooshea kidole. Katika yote ninayoomba, hili ndilo linalolinda siri ya mtoto kuliko mengine.

Najua swali la fedha. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, kliniki zetu zilitikisika, na kila mmoja wetu aliona jinsi tulivyoning'inia kwenye uzi wa mtu mwingine. Wapo wanaosema wakati kama huu si wa kuongeza huduma, ni wa kulinda dawa zisikatike. Naliheshimu wazo hilo, lakini silikubali. Tulichokiona kinatufundisha kuanza na yale tunayoweza kuyalipia wenyewe, na kipimo cha HB kimo. Dawa ya minyoo imo. Sharubati ya chuma imo. Tuna Mfuko wa UKIMWI ulioanzishwa kwa sheria mwaka 2015. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kitita chake kikitekelezwa, wekeni humo kipimo cha damu na tiba yake kwa kila mtoto aliye kwenye ARV hadi atimize miaka 18. Vituo vinapokea fedha moja kwa moja siku hizi. Toeni mwongozo ulioandikwa kwamba sehemu yake inunue vijibati vya HB kwa ajili ya CTC, kwa sababu pasipo maandishi mganga mfawidhi anaogopa hoja ya ukaguzi.

Ratiba ninayoiomba ni hii: HB siku mtoto anapoanza dawa, kisha kila anapochukuliwa damu ya wingi wa virusi, maana sindano ni ileile na kilio ni kilekile. Akiwekwa kwenye zidovudini, apimwe kabla na katika miezi mitatu ya kwanza kama inavyotakiwa. Aliye chini ya kiwango apewe dawa ya minyoo, achunguzwe kifua kikuu, aulizwe chakula, apimwe selimundu kama hajawahi, na arudi baada ya mwezi badala ya kupewa dawa za miezi mitatu na kutokomea nazo. Aliye chini ya 7 au 8, kutegemea umri wake, apewe rufaa yenye usafiri. Karatasi peke yake haimfikishi mtoto popote kutoka Chemba au Mpwapwa hadi hospitali yenye damu ya kumwongezea, na damu yenyewe ikiwa haba, ndugu wa kuchangia mara nyingi ni bibi mmoja mzee ambaye umri wake haumruhusu.

Wizara sasa iko Mtumba. Ukitoka na gari ofisini kwenu asubuhi, kabla ya saa nne umeshafika kwenye kliniki zetu nyingi za vijijini. Njooni siku ya kliniki ya watoto, mkae nasi kwenye benchi, mfunue viganja pamoja nasi. Mganga Mkuu wa Mkoa, wewe una uwezo wa kuagiza hata kabla ya bajeti mpya kwamba kimashine cha HB kitumike na CTC na idadi ya vijibati iongezwe kwenye maombi yajayo ya vifaa. Wakurugenzi, mipango kabambe ya afya ya halmashauri zenu inaandaliwa kila mwaka, na mara zote tunaombwa mapendekezo kutoka vituoni. Langu ndilo hili. Naomba liwemo, na naomba nijibiwe kwa barua kupitia kwa mganga mkuu wa wilaya kama haliwezekani, kwa kueleza ni kipi hasa kinachozuia, ili sisi wa chini tujue tukipeleke wapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa CTC,
Mkoa wa Dodoma